Tunamwamini Nani Tunapoweka Programu?



Masomo ya Dominika tutayatafakari pamoja kanisani. Juma hili tunapenda kuwashirikisha jambo lililotushughulisha ofisini kwetu hapa Ihumwa kwa muda wa siku nne, nalo ni kuweka programu moja katika kompyuta ya parokia. Tunajua wapo watakaosema kwamba tumeishiwa mada. Tunawaomba wasome kwanza, ndipo watoe hukumu, maana ndani ya kazi hiyo ya kiufundi tulikutana na swali ambalo hatukulitegemea: mtu anapoweka katika mashine yake kitu kilichotengenezwa na watu asiowafahamu, anamwamini nani hasa, na kwa sababu gani?

Chanzo cha yote ni kwaya. Mwalimu wetu wa kwaya aliletewa na mwalimu mwenzake nyimbo kadhaa za kipindi cha Pasaka, zikiwa zimeandikwa kwa LilyPond. Hiyo ni programu huria ya kupanga nota za muziki kwa ajili ya kuchapa, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Ndani yake hakuna kuburuta nota kwa kipanya. Mtu huandika herufi na namba, nayo programu huzigeuza kuwa ukurasa wa muziki uliopangika kama wa vitabu vya zamani. Kompyuta yetu hutumia mfumo wa Debian 11, uliokuja na LilyPond toleo la 2.22, ilhali nyimbo zile zilihitaji toleo la 2.24. Tulipojaribu kuzichapa, programu ilikataa, ikaeleza kwamba yenyewe ni ya zamani mno. Tena kompyuta hiyo, tuliyopewa kama msaada miaka mingi iliyopita, ni ya biti 32, na toleo la 2.24 ambalo watengenezaji huligawa likiwa tayari kwa Linux ni la biti 64 tu.

Palikuwa na njia ya mkato. Mmoja wa waimbaji, kwa nia njema kabisa, alituletea flashi yenye programu ya muziki ya kulipiwa ambayo mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameivunja kufuli. Tulimshukuru, tukamrudishia flashi yake. Sababu ya kwanza kila mtoto wa mafundisho anaijua, ni amri ya saba. Ya pili haisemwi sana: aliyevunja kufuli ile hatumjui, hatujui aliacha nini ndani, na mtu anayefanya kazi ya namna hiyo bure kwa ajili ya wageni mara nyingi ana malipo yake ambayo hayataji. Tunasikitika kusema kwamba katika ofisi nyingi za nchi yetu, na si za serikali peke yake, programu za namna hii zimekuwa kitu cha kawaida kiasi kwamba anayeuliza leseni huonekana msumbufu.

Ikabaki njia ndefu, yaani kuchukua msimbo wa chanzo na kujitengenezea wenyewe. Kwa wasio na mazoea na mambo haya, programu huandikwa kwanza na binadamu kwa maneno na alama ambazo binadamu mwenzake aweza kuzisoma. Kisha programu nyingine iitwayo kompaila huyageuza maandishi hayo kuwa lugha ya mashine, ambayo hakuna mtu wa kawaida awezaye kuisoma. Programu nyingi zinazouzwa hutufikia zikiwa katika hali hiyo ya pili tu. Ni kama unga wa dukani: umesagwa, umefungwa, na kilichochanganywa ndani anakijua aliyesaga. Anayepeleka mtama wake mwenyewe mashineni hupoteza nusu siku, lakini ameupepeta kwa mikono yake.

Desturi hii ni ya zamani katika mifumo ya ukoo wa Unix, iliyoanzia maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na Linus Torvalds wa Finland alipotoa Linux mwaka 1991, haki ya kusoma msimbo, kuurekebisha na kuugawa ikapata nyumba yake. Nasi Waswahili tumewahi kula matunda ya haki hiyo. Mwaka 2000 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa hadharani msimbo wa programu yake ya ofisi, ikazaliwa OpenOffice.org. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Wasweden wa IT+46, kikatoa Jambo OpenOffice, yaani programu ile ile ikizungumza Kiswahili. Mradi huo uliitwa Kilinux. Waliofanya kazi ile hawakuhitaji kumpigia mtu magoti ng'ambo wala kungoja soko la Kiswahili lionekane lina faida. Msimbo ulikuwapo, leseni iliruhusu, wakaanza kutafsiri.

Turudi ofisini. Fundi wetu ni kijana wa kwaya, msomaji mzuri, ambaye mchana hutengeneza simu karibu na barabara kuu iendayo Morogoro. Alipakua kifurushi cha msimbo (si kifurushi cha simu, ingawa cha simu ndicho kilicholipia), akakifungua, na kabla ya yote akasoma faili la README na lile la INSTALL kwa sauti, sentensi baada ya sentensi. Tulidhani anatuonyesha jinsi anavyojua Kiingereza. Baadaye tuliona maana yake: karibu kila kizuizi tulichokutana nacho kilikuwa kimekwisha kutajwa mle.

Amri ya kwanza huitwa configure. Kazi yake ni kuikagua mashine, kuuliza kama vitu vyote vinavyohitajika vipo, na kusimama pale kinapokosekana kimoja. Ikasimama. Ilitaka Guile, ikataka Pango, ikataka FontForge, Flex na Bison, ikataka na zana za TeX za kuchorea maumbo ya nota. Kila kimoja kimeandikwa na watu wengine kabisa, wa nchi nyingine na miaka mingine, na chenyewe kinategemea vingine. Kwa bahati njema Debian ina amri moja ya kuleta tegemezi za programu kwa pamoja, na hiyo ilitupunguzia safari nyingi. Lakini orodha ilipopita kwenye kioo tulibaki kimya. Kumbe ukurasa mmoja wa wimbo wa Pasaka umebebwa na mikono ya watu wengi namna hiyo, na wengi wao hawakupata senti.

Amri ya pili ni make, iliyobuniwa na Stuart Feldman katika maabara zile zile za Bell mwaka 1976. Hii ndiyo isagayo. Tuliianza saa nne asubuhi, mashine ikanguruma, na mnamo saa saba umeme ukakatika. Wakaao huku upande wetu wa Dodoma hawatashangaa.

Hapa patupasa tueleze kidogo, kwa sababu ndipo tulipojifunza zaidi. Make haina kumbukumbu ya kazi iliyofanyika. Hutazama tu saa zilizoandikwa kwenye mafaili: kama zao ni jipya kuliko msimbo wake, huliacha, kama ni la zamani kuliko msimbo, hulitengeneza upya. Kwa hiyo umeme ukirudi, kwa kawaida huendelea pale ilipoishia. Lakini kompyuta ya zamani hutunza saa kwa betri ndogo ya umbo la sarafu, na ya kwetu ilikuwa imekufa. Mashine ilipowaka iliamka ikidhani kwamba ni siku kadhaa zilizopita. Mafaili yaliyotengenezwa asubuhi ile yakaonekana kuwa ya siku zijazo, na make ikatoa onyo kwamba saa hazilingani na kazi yaweza kuwa haijakamilika.

Sisi, tukiwa na haraka ya mazoezi ya jioni, tulishauri saa irekebishwe na kazi iendelee. Kijana akarekebisha saa, lakini akakataa kuendelea. Alieleza kwamba lile faili lililokuwa likiandikwa dakika umeme ulipokatika laweza kuwa nusu tu, na kwa kuwa lina tarehe mpya, make italihesabu kuwa zima. Akafuta kazi yote ya asubuhi kwa make clean, akaanza upya saa mbili usiku. Tulimwachia ufunguo wa ofisi na chupa ya chai. Asubuhi, baada ya Misa, programu ilikuwa imekamilika.

Hatua ya mwisho huitwa make install, nayo mara nyingi hutendwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine, ambaye aweza kubadilisha lolote. Kompyuta ile ile hutunza majina ya waliobatizwa na waliofunga ndoa, pamoja na michango ya jumuiya. Kwa hiyo tangu mwanzo kijana aliiambia configure kwamba programu ikae ndani ya akaunti ya kwaya peke yake. Huko huko inafanya kazi, na daftari la ndoa hailioni.

Baadhi yenu mtasema: kama msimbo upo wazi na kila mtu aweza kuusoma, hofu ya nini? Tulifikiri hivyo pia, mpaka kijana alipotusimulia habari ya xz. Hiyo ni programu ndogo ya kubana mafaili, na imo karibu katika kila mashine ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea. Mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kumletea msaada, kidogo kidogo, kwa adabu na uvumilivu. Mwaka 2022 watu wengine, ambao majina yao hayakupata kufahamika mahali pengine, walianza kumlaumu Collin kwamba anachelewa. Yeye alijibu kwamba afya ya akili yake imekuwa ikimsumbua na kwamba kazi ile haina malipo. Hatimaye Jia Tan akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa siri, ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia katika seva za watu.

Na angalieni mlango ulivyofichwa. Katika hazina ya msimbo ambayo kila mtu aliweza kuisoma, kiungo muhimu hakikuwapo. Kilikuwamo ndani ya kifurushi cha kupakua tu, katika faili mojawapo linalotumiwa na configure, hatua ile ile ambayo sisi tuliiona kuwa ukaguzi mtupu. Muhuri wa kidijitali wa kifurushi ulikuwa halali, kwa sababu aliyeutia ndiye yule yule aliyeficha mlango. Muhuri huthibitisha mkono uliotia. Moyo wa mwenye mkono hauufikii. Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alikuwa ameonya mwaka 1984 kwamba hata kompaila yenyewe yaweza kufundishwa udanganyifu usioonekana katika msimbo wowote.

Aliyegundua ni mhandisi Andres Freund. Aliona kwamba kuingia katika mashine yake ya majaribio kunachelewa kiasi cha nusu sekunde, na hakukubali kupuuza nusu sekunde hiyo. Alitangaza aliyoyaona tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu. Mashine kama yetu haikuwa hatarini, maana matoleo yale mapya hayakuwa yameingia katika Debian 11. Hata hivyo habari hii imetukaa. Wengi huieleza kama habari ya ujanja wa Jia Tan. Sisi tunaona kwamba ilianza mapema zaidi, pale watu wengi walipokubali kumtegemea mtu mmoja aliyechoka, na waliomjia wakaja ama na lawama ama na msaada wenye sumu.

Tunaandika haya kwa sababu ipo habari ya karibu zaidi. Kijana wetu amepata kazi Dar es Salaam na ataondoka kwa treni mwisho wa mwezi. Tunamshangilia. Lakini tulipohesabu anayoyafanya hapa, kuanzia spika za kanisa, printa, kompyuta, hadi simu za nusu ya wazee wa baraza, tuligundua kwamba kwa miaka mitatu yote yamekuwa mikononi mwake, na hatukumbuki kama kuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Tulimuuliza jioni moja. Alicheka, halafu akasema kidogo.

Kwa sasa ameandika amri zote katika daftari la kurasa 96 lililopo ofisini, pamoja na maelezo ya nini cha kufanya umeme ukikatika. Betri ya saa imenunuliwa mjini na kuwekwa. Kila Jumamosi saa nane mchana, kabla hajaondoka, atafundisha yeyote atakayekuja, bila ada. Waliojiandikisha ni wawili: msichana mmoja wa sauti ya pili, na mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye hajapata kushika kipanya maishani mwake. Meza ina nafasi ya watu wanne. Aje mwenye daftari na kalamu yake.