Goti kabla ya UMISSETA

Heru Juu, mvulana wa kidato cha tatu alitegua goti wiki mbili kabla ya UMISSETA, akalificha. Kwake, mechi hizo ndizo njia ya kuonekana na makocha: wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, kisha taifa. Kigoma ndiyo iliyomtoa Juma Kaseja, hivyo ndoto yake si ya kijinga.

Mama alimwona akichechemea mlimani. Hakukaripia, alimpeleka zahanati, kisha akamwomba mwalimu wa michezo ampumzishe. Barafu haikuwepo, kitambaa cha maji baridi kilitosha.

Dalali aliyedai hela ili "amtambulishe" mjini alikataliwa. Hela ile ililipia viatu, na nauli ya kufuatilia cheti cha kuzaliwa, ambacho wazazi wengi hukikumbuka timu ikishapanda gari.