Si Kila Tundu ni la Kuziba

Mimi ni fundi wa bati katika soko la Tawa, Mbooni, Kaunti ya Makueni. Natoa ushuhuda huu kwa sababu ufundi wangu uligeuzwa na jozi ya taa za kale ambazo hata hazikuwa zangu. Zilinifikia wakati nilipokuwa nawaza kufunga karakana niende Athi River kutafuta kibarua.

Zamani kazi yangu ilikuwa kuziba. Sufuria iliyotoboka, debe linalovuja, karai lililooza kitako, vyote nilivipasha moto, nikavitia lehemu, nikavirudisha kwa mwenyewe. Oktoba ilikuwa neema, maana kila mtu alitaka mfereji wa paa ukae sawa kabla ya mvua ya Novemba, ile tunayoitegemea sisi Wakamba. Siku zisizo na wateja nilitengeneza koroboi: kopo, kifuniko, kijibomba cha bati na utambi wa pamba. Watoto wengi wa vilima hivi walisomea hesabu mbele ya koroboi zangu.

Kisha nyakati zikabadilika. Mwaka 2015 serikali ilianza mradi wa kufikisha umeme vijijini, na ada ya kuunganishiwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Taa za sola nazo zikapanda hadi nyumba zisizofikiwa na nguzo. Mwaka 2018 mafuta ya taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ili walaghai wasiyachanganye na dizeli. Koroboi zangu zikabaki kwenye rafu. Binti yangu alinisomea utafiti wa mwaka 2012 uliopima taa kama hizo na kukuta kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yake hugeuka kuwa masizi. Nikakumbuka pua za wanafunzi asubuhi, nikaona ni heri zimekwisha. Lakini heri hiyo haikulipa karo.

Ndipo kijana mmoja wa kwetu, anayekarabati nyumba za zamani Nairobi, akaniletea taa mbili za gari la farasi. Nairobi ya mwanzo, kabla motokaa hazijajaa, ilikwenda kwa riksho na magari ya kukokotwa na farasi na nyumbu, na taa za namna hiyo zilichomekwa ubavuni mwa gari, moja kila upande. Alitaka ziwake tena kwa mshumaa, si kwa balbu. "Fundi," akaniambia, "ukishindwa uniambie, usizilazimishe."

Kwa nje ni sanduku la bati jeusi lenye vioo vilivyochongwa kingo, paa dogo la kutolea moshi, na mkia mrefu chini. Nilidhani mkia ule ni wa kushikia tu. Kumbe mshumaa wote hukaa humo ndani. Chini yake kuna springi inayousukuma juu, na mdomoni kuna kifuniko chenye tundu linalopitisha utambi peke yake. Ncha ikiyeyuka, springi inasogeza mshumaa, na kwa hiyo mwali unabaki kwenye kimo kilekile tangu mshumaa mzima hadi kipande cha mwisho. Kimo hicho si cha bahati nasibu. Nyuma ya mwali kuna kiakisi kilichopinda, na mwali ukipanda au kushuka hata kidogo, mwanga hautupwi tena mbele barabarani. Kwenye mgongo wa taa kuna kioo kidogo chekundu, ili anayekuja nyuma ajue kuna gari.

Nilizisafisha, nikawasha. Mwali ulirefuka, ukawa mwekundu, ukapaka kioo masizi, ukazima. Nikawasha tena, ikawa vilevile. Nikiwa fundi wa kuziba, nilitafuta ufa. Sikuona ufa wowote. Nilipoigeuza taa na kupitisha kidole chini ya sanduku, nilihisi safu ya vijivimbe vya lehemu vilivyopangwa sawasawa, kimoja baada ya kingine. Hapo palikuwa na matundu. Fundi fulani wa zamani aliyaona, akayaziba yote kwa uangalifu mkubwa. Kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba ningeweza kusema ni yangu.

Niliyafungua moja moja kwa keekee nyembamba. Nilipowasha safari hii mwali ulisimama wima, mweupe, bila moshi. Hewa baridi iliingia chini, ya moto ikatokea juu penye paa, na upepo wa Tawa uliokuwa ukivuma mlangoni haukuutikisa, kwa sababu paa lile lina vizuizi vya bati vinavyoupinda upepo kabla haujaufikia mwali.

Siku hiyo ndiyo iliyonigeuza. Nilikwenda nyumbani nikateremsha taa ya chemni ya marehemu baba, nikaitazama upya. Ile mirija miwili ya pembeni ambayo sote tuliichukulia kuwa mikono ya kukinga kioo ndiyo mapafu ya taa. Mmarekani John Irwin ndiye aliyebuni mirija hiyo, miaka ya 1860, na katika miaka ya 1870 akaiboresha ili ishushe hewa safi kutoka juu hadi kwenye utambi badala ya kuirudisha hewa iliyokwisha ungua. Mwanga ukaongezeka kwa mafuta yaleyale. Nyigu akijenga ndani ya mrija mmoja, taa hutoa moshi, na mwenyewe hulaumu mafuta.

Tangu hapo watu huniletea taa kutoka Kikima, Wote, hata Machakos: za chemni, karabai, na mara mojamoja za gari la farasi. Nimejifunza adabu zake. Nta iliyoganda haichomwi kwa moto, maana lehemu ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na taa nzima inaweza kuachana vipande. Maji ya moto yanatosha, kwa kuwa hayavuki nyuzi 100. Kiakisi ni shaba iliyopakwa fedha nyembamba. Majivu tunayosugulia sufuria yangeimaliza fedha hiyo mara moja, kwa hiyo natumia kitambaa laini, maji vuguvugu na sabuni kidogo. Kioo chenye moto hakiguswi kwa kitambaa chenye maji. Utambi wa taa ya chemni unakatwa sawa, pembe zikipunguzwa kidogo, la sivyo mwali utaota pembe na kupasua kioo. Mshumaa laini wa dukani haufai kwa springi, maana ukipata joto hubanwa ukafurika mdomoni na kuganda humo. Mshumaa uwe mgumu, na springi isiwe na nguvu kupita kiasi. Na taa yoyote ya moto iwashwe penye hewa, kamwe si katika chumba kilichofungwa cha kulala.

Mabadiliko hayakuishia kwenye taa. Mama akiniletea jiko la makaa linalojaza moshi jikoni, zamani ningeziba nyufa na kumpa. Sasa nauliza kwanza hewa inaingia wapi na inatokea wapi. Mara nyingi mlango wa chini umejaa majivu, au mtu amepachika bati palipohitaji uwazi.

Sufuria bado zinatoboka, na kuziba naziba. Ila vijana wawili ninaowafundisha hawashiki chuma cha lehemu kabla ya kunieleza kila tundu la chombo kile liliwekwa na nani, fundi au kutu. La kutu tunaziba. La fundi tunalisafisha na kuliacha wazi.