Huo Muziki Wako Unalipa?

Wengi wenu mnanijua kwa kurasa za barua. Mimi ndiye ninayezihariri mwezi hadi mwezi, na kama kuna ushauri nilioupitisha mara nyingi kuliko mwingine wowote ni huu: wapenzi, msifichane mambo ya pesa. Sasa leo naomba mnivumilie, maana mwaka jana huyo huyo mshauri wenu alichukua hela za harusi yake mwenyewe akaenda kununua kinasa sauti.

Ndiyo, za harusi. Laki tano na nusu.

Ngoja nianzie mwanzo. Kwetu ni Kilosa. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na nyumba yetu ilikuwa karibu sana na stesheni, yaani treni ikipita vikombe vinacheza kabatini. Mwishoni mwa 2009 hadi Januari 2010 yakaja yale mafuriko. Mto Mkondoa ukaingia mjini, maelfu ya watu wakakosa makazi, reli nayo ikakatika. Treni zikakaa kimya kwa muda mrefu. Siku hizo nilikuwa nyumbani, na usiku mmoja nikamkuta Baba amekaa kitandani macho makavu. "Silali," akasema. "Ule muungurumo haupo." Mtu mzima anakosa usingizi kwa sababu ya kukosa kelele! Tangu siku ile nikaanza kusikiliza vitu ambavyo wengine wanavipita.

Chuo kikuu nikasomea mawasiliano, wakatufundisha redio: kunasa sauti, kukata, kuunganisha. Wenzangu walitengeneza vipindi. Mimi nikatengeneza vitu ambavyo hata mwalimu hakujua aviite nini, na mpaka leo ndivyo ninavyofanya nikitoka kazini. Narekodi vyura wa Mkondoa. Narekodi korona (siyo ule ugonjwa jamani, ni ile mitambo ya kuchakata majani ya mkonge). Narekodi wamama wakitwanga. Halafu nachanganya na zeze au marimba, inatoka kazi ya dakika kumi na kitu. Haina kiitikio, haichezeki, na redioni haipigwi. Meneja sina, studio sina. Nina kompyuta mpakato na blanketi ninalotundika mlangoni kuzuia kelele za jirani.

Mchumba wangu ni fundi wa malori, gereji yake iko Mikumi, kwenye ile barabara kuu ya kwenda Zambia. Ijumaa nikitoka ofisini Dar napanda treni ya umeme hadi Morogoro, kisha basi linalokatiza hifadhi ya Mikumi mpaka mjini kwake. Watu wa Mikumi mwanamuziki wanamjua. Kuanzia 2015 hadi 2020 mbunge wao alikuwa Profesa Jay, tena wa bongofleva kabisa! Kwa hiyo shemeji zangu waliposikia na mimi nafanya muziki walifurahi, wakaomba wimbo. Nikawasikilizisha vyura. Wakanipa pole.

Mimi na mwenzangu tulikuwa tunaweka hela ya harusi kila mwezi kwenye akaunti moja, kadi ninakaa nayo mimi. Kinasa sauti changu cha zamani kilikufa nikiwa katikati ya kazi ya sauti za njia ya Kilosa hadi Mikumi. Nikajiambia nitaazima tu, nikiuza kazi narudisha kabla hajajua. Nikauza nakala 31 kwa shilingi 5,000 kila moja. Piga hesabu mwenyewe: ni 155,000, na nauli sijatoa.

Jumamosi moja tukiwa mgahawani pale Mikumi akaniambia mwenye ukumbi anataka malipo ya kwanza, tukatoe. Nikaanza kujing'atang'ata. Mwishowe nikasema ukweli. Alinyamaza mpaka chipsi zikapoa. Halafu akauliza: "Huo muziki wako unalipa?"

Hapo ndipo kiburi cha msomi kikapanda. Nikampa mhadhara. Nikamwambia muziki wa kujaribujaribu haukuletwa na Wazungu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alichukua ilimba yake akafanya na Michael Brook albamu ya Assembly iliyotoka 2002, mwaka mmoja kabla hajafariki, na hakuna aliyejua iitwe muziki gani. Nikamwambia singeli ya kwenye studio ya Sisso pale Mburahati wengi waliiona fujo za vijana, mpaka Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipoitoa kwenye Sounds of Sisso 2017 na ikasikilizwa Ulaya. Nikamalizia kwa sauti ya juu, wateja wa meza ya pili wanatutazama: "Na wao waliulizwa unalipa?"

Akanijibu taratibu: "Mimi sikumchumbia Zawose. Nimekuchumbia wewe. Ungeniomba hiyo hela ningekupa. Umeichukua kama mwizi."

Wiki tatu hatukuongea.

Nilikwenda Kilosa kwa Shangazi nikitegemea anitetee. Si ndiye aliyenifundisha kuimba? Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, muziki hauna kosa hapo. Rudisha hela ya watu kwanza, kisha uende ukaombe radhi. Na ukienda usibebe hayo majina ya watu maarufu." Basi nikarudi Dar, nikawa nahariri tasnifu za wanachuo usiku. Miezi mitano. Hela yote ikarudi, na kila nilipoweka nilimtumia ujumbe wa salio bila kuongeza neno.

Alipokubali tuonane nilikwenda na kile kinasa sauti, nikamwambia akiuze kama anataka. Akakigeuzageuza, akauliza ndani kuna nini. Nikamvalisha visikilizio. Ilikuwa sauti ya malori niliyorekodi usiku pale pale Mikumi, yakipunguza mwendo kwenye matuta kabla ya kuegesha. Kwangu mimi ilikuwa bahari. Mawimbi yanakuja, yanaondoka. Yeye akafumba macho, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole.

"La kwanza zima. La pili breki zimekwisha. Hili la tatu turbo inapiga mluzi, dereva huyu Mbeya hafiki."

Jamani, nilikuwa nimeusikiliza mkanda ule zaidi ya mara mia sikuwahi kuusikia huo mluzi! Mtu niliyemwona hana sikio la muziki anaishi kwa masikio yake kila siku, na riziki yake inatokana nayo. Miaka minne ya uchumba sikuwahi kumwomba asikilize chochote. Nilimchukulia kama mtu wa kuvumilia mambo yangu tu. Kumbe kile alichoniuliza mgahawani hakikuwa cha shilingi peke yake. Alikuwa anauliza kama humo ndani na yeye ana nafasi.

Sitaki kuwadanganya kwamba sasa ni shabiki. Mpaka leo anaita "makelele yako." Ila tuna daftari. Kila mwezi fungu la harusi linakwenda kwanza, kisha 40,000 za muziki wangu na 40,000 za mambo yake, na hakuna anayehojiwa kuhusu fungu lake. Kadi anakaa nayo yeye. Harusi iliyokuwa ya Juni imesogea hadi Desemba, na hilo ni kosa langu, kamati inalijua.

Kwa hiyo kama na wewe una kitu kidogo unachokipenda ambacho hakijawahi kulipa, iwe kuchora, kushona au kuandika mashairi, kifanye. Lakini kifanye mezani, mwenzako akiona na gharama zake. Na kabla hujasema haelewi, umewahi kumwita asikilize?

Wiki iliyopita, saa nane za usiku, simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka Mikumi, sekunde thelathini za lori likipanda mlima. Mwisho kabisa sauti yake ya usingizi: "Sikiliza anavyobadilisha gia. Hii utaipenda."