Kidole Kwenye Bei

Orodha ya mvinyo ya mgahawa wa bei mbaya huwa naisoma kuanzia kulia. Jicho hukimbilia kwanza kwenye tarakimu, ndipo lirudi kushoto kutafuta jina linaloendana nayo. Nadhani wengi tunasoma hivyo ila hatusemi, maana mezani yupo mkwe, yupo bosi, au yupo mtu tu ambaye tusingependa ajue kwamba tunapiga hesabu. Basi tunakunja uso kidogo, tuonekane tunawaza zabibu na udongo ulioziotesha, kumbe tunawaza ada ya shule ya mwezi ujao. Uso huo nimeishi nao muda mrefu, na hata leo sijaufukuza kabisa.

Kanuni niliyokuwa nikiitegemea ni ile ya chupa ya pili kutoka chini. Ya kwanza inakuumbua kwamba huna kitu, ya tatu inauma. Ya pili inakusitiri. Baadaye nikasikia watu wakisema kwamba wenye migahawa wanaujua ujanja huo, na kwamba hapo hasa ndipo wanapoficha mvinyo wao wenye faida kubwa kuliko yote. Niliamini bila kuuliza ushahidi, kwa kuwa maneno yenye harufu ya siri huaminika upesi. Mwaka 2021 wachumi wawili, David de Meza na Vikram Pathania, walichunguza orodha za migahawa ya London, wakaona shutuma hiyo haina msingi. Nyongeza ya bei kwenye chupa ya pili kutoka chini ilikuwa ndogo kuliko ya zile zinazoifuatia, na mnofu wa faida ulikaa katikati ya orodha. Nilifurahi kusoma hivyo, kisha furaha ikanipungua. Kama nilikuwa sahihi, nilikuwa sahihi kwa bahati. Chupa ile sikuichagua kwa akili bali kwa aibu, na aibu siku nyingine ingeweza kunipeleka popote. Tena London si Masaki, na matokeo ya huko siwezi kuyabeba mzimamzima nikayatua hapa Dar es Salaam.

Ninachokijua kwa uhakika zaidi ni hesabu ya kawaida. Mgahawa huchukua bei ya dukani na kuizidisha, mara nyingi mara mbili hadi tatu. Tuseme chupa ya shilingi 40,000 dukani, mezani utaikuta kwa 100,000 au 120,000. Zamani niliuita wizi. Sasa nasita, maana ndani ya tofauti hiyo mna kodi ya pango, umeme wa friji, glasi zinazovunjika na mshahara wa yule aliyesimama tangu saa kumi jioni. Nasita pia kwa ushauri wa upande wa pili, unaosema kwamba kwenye chupa za ghali sana uwiano wa nyongeza hupungua, hivyo mwenye akili apande juu. Hesabu yake inaweza kuwa sawa kabisa, lakini unafuu wa asilimia haulipi nauli ya kurudi nyumbani. Nimewahi kushawishika kupanda ngazi kwa hoja hiyo, na mfuko haukuona asilimia yoyote. Uliona pesa zilizotoka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeutafakari sana msemo huu mbele ya orodha za mvinyo, na naona kwamba huko unapinda. Kinachojiuza kwenye orodha ni jina. Champagne inajiuza. Sancerre inajiuza, na Barolo vilevile. Mhudumu hahitaji kuyaeleza majina hayo, na kwa kuwa hayahitaji maelezo, mgahawa unaweza kuyapandishia bei bila jasho. Lakini yale majina ambayo hakuna anayeyauliza yamefikaje hapo? Kuna mtu aliyeonja, akapenda, akaamua kuyaweka huku akijua itabidi ayasemee. Tangu wazo hilo linijie, nimeanza kuangalia majirani wa majina makubwa. Pembeni ya Sancerre, huko Ufaransa, kuna Menetou-Salon, ambako mvinyo mweupe hutengenezwa kwa zabibu ileile ya Sauvignon Blanc. Afrika Kusini wana Cap Classique, mvinyo wa mapovu unaochachushwa mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, kwa njia ileile inayotumika Champagne, na bei yake huwa ya kibinadamu. Wana pia Chenin Blanc, zabibu iliyotoka Ufaransa ambayo leo imepandwa Afrika Kusini kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa kuwa ni nyingi na haina majivuno, mara nyingi bei yake hukaa chini ya Chardonnay, hata inapotoka kwenye mizabibu ya zamani ya Swartland. Mimi nimeipita miaka mingi nikielekea kwenye majina niliyoweza kuyatamka kwa kujiamini.

Hapo nalazimika kuutazama ujirani wa karibu zaidi. Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalijui kwenye mashamba yao. Hiyo hiyo Chenin Blanc inalimwa huko, pamoja na Syrah na Makutupora. Ila kwenye migahawa ya bei mbaya chupa ya Dodoma ama haimo kwenye orodha, ama iko chini kabisa, na ikiwa chini kabisa naiogopa kwa sababu ileile ya kuogopa kuumbuka. Sitaki kujifanya mzalendo. Ziko chupa za Dodoma tamu mno kwa mdomo wangu, na kununua kitu kwa huruma si kukithamini. Lakini nikiwa mkweli, mara nyingi nimeikataa kabla sijaionja, na huko si kuchagua.

Kuna utafiti mwingine unaonisumbua. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwaonjesha watu mvinyo huku wakiwapima ubongo kwa mashine. Mvinyo mmoja ulitolewa mara mbili kwa bei tofauti, na ulipotajwa kuwa ghali watu waliufurahia zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha nayo ikachangamka zaidi. Hawakuwa wakidanganya, raha ilikuwepo kweli. Basi kama bei yenyewe inaonjwa, mimi ninayehangaika kutafuta nafuu, je, sijipunguzii raha kwa mikono yangu? Sijapata jibu linaloniridhisha. Kuna nyakati naona kwamba raha ya kupata kitu kizuri kwa bei ya wastani nayo ina ladha yake, na kuna nyakati nahisi kwamba hilo nalisema ili kujipoza.

Aliyenisaidia zaidi hakuwa mtafiti. Ni mdogo wangu, anayehudumu kwenye hoteli moja ya watalii. Nilipomweleza mahangaiko yangu alicheka sana. "Dada," akaniambia, "mteja akiniwekea kidole kwenye bei, usiku wangu unakuwa mwepesi. Wanaonichosha ni wanaosema niwaletee kizuri, halafu wanakasirikia bili." Akanifundisha: usitaje kiasi mbele ya wageni kama unaona haya. Fungua orodha, weka kidole kwenye tarakimu unayoimudu, sema, "Natafuta kitu cha namna hii, kisicho kitamu, tunakula samaki." Wageni watadhani unaonyesha jina. Mhudumu anayejua kazi ataelewa.

Niliposhika ujasiri nikajaribu. Kijana aliyekuwa akituhudumia aliangalia kidole changu, akatulia kidogo, halafu akasogeza kidole chake mistari miwili chini ya changu, kwenye Chenin ya bei ndogo zaidi. "Hii, dada, na samaki wa nazi." Alipofungua chupa akamimina funda moja kwenye glasi yangu, akasubiri. Zamani ningelinywa haraka na kutikisa kichwa, nikidhani ninaulizwa kama nimependa. Sasa najua kwamba funda lile ni la kukagua kama mvinyo umeharibika, kama kizibo kimeuachia harufu ya boksi lililolowa maji. Ukiwa mzima, umeshaununua, upende usipende. Nikanusa. Ulikuwa mzima. Nilichojifunza, kama ni cha kujifunza, ni kwamba miaka yote nimekuwa nikilipia pazia zaidi ya kinywaji, na pazia ndilo lililokuwa ghali. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Kwenye kiti cha mgahawa msemo huo unakuwa mzito ajabu.

Ila hata hapo sijafika. Hadi juzijuzi nilikuwa naamini kwamba thamani ya chupa ni hesabu kati yangu na mgahawa, nikasahau walioketi nami. Kwenye meza zetu hakukosekani mtu asiyekunywa, kwa dini yake, kwa afya yake, au kwa kutopenda tu. Bili ikija tunagawana sawa kwa sawa, na aliyekunywa soda anachangia Chenin yangu kimya kimya. Kwake hakuna chupa yenye nafuu, hata ningeichagua kwa ustadi gani. Nilipogundua hilo nikaanza kuomba mvinyo uandikwe kwenye bili ya peke yake, nikajiona nimetenda haki. Shangazi yangu, asiyegusa kileo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani mnanitenga? Mimi si mwenzenu?" Alikuwa ameumia, na sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo sasa naulizia mapema, kabla orodha haijafika mezani: nani anakunywa, na tungependa tulipeje. Wengine wanashukuru. Wengine wanaona ninawahesabia, na sina hakika kwamba wanakosea.