Mji Mmoja, Majina Manne: Constantinople na Istanbul

Msafiri ashukaye kwenye gati la Eminönü, katika mji wa Istanbul, huona mbele yake Pembe ya Dhahabu, mkono mwembamba wa bahari uingiao ndani ya nchi. Nyuma yake, juu ya kilima, imesimama minara minne ya Ayasofya. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bosphorus, ni bara la Asia. Feri zinakwenda na kurudi mchana kutwa, zikivusha wafanyakazi, wanafunzi na akina mama wenye vikapu, mfano wa feri zetu za Likoni.

Msafiri huyo akifungua kitabu cha Kiingereza chenye historia ya mahali hapo, atakutana na majina manne: Byzantium, Constantinople, Stamboul na Istanbul. Mji ni huo huo mmoja. Wako wasemao kwamba Constantinople ni jina la Wakristo na Istanbul ni jina la Waislamu, na kwamba Waturuki walilifuta la kwanza siku walipouteka mji. Maneno hayo yameenea sana, hata katika barza zetu, lakini historia haiyaungi mkono.

Tuanze na asili. Wayunani waliujenga mji huu katika karne ya 7 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), wakauita Byzantion, Kilatini kikalifanya Byzantium. Mwaka 330, Kaisari Constantine aliuzindua upya uwe makao makuu ya Dola ya Kirumi. Ukaitwa kwa jina lake, Constantinople, yaani mji wa Constantine. Waarabu wakalitamka Qustantiniyya, na kwa jina hilo mji unatajwa katika vitabu vya Hadithi.

Wenyeji wake walijiita Warumi. Hao ndio Rum wa Suratur Rum. Mfalme wao wa zama za Mtume (S.A.W.) alikuwa Heraclius, na makao yake yalikuwa Constantinople. Sisi wa pwani tunamjua kwa jina la Herekali, kwani ndiye anayesimuliwa katika Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale, ya mwaka 1728, inatokana na Pate. Kwa hiyo mji huu haukuwa mgeni kwa wazee wetu.

Waislamu waliuzingira mara ya kwanza katika karne ya kwanza ya Hijra. Miongoni mwa waliofariki katika safari hiyo ni sahaba Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina. Leo mtaa uliopo nje ya kuta za kale, kandokando ya Pembe ya Dhahabu, unaitwa Eyüp kwa ajili yake. Msikiti na kaburi lake huzuruwa na watu wengi kila siku, na hasa Ijumaa.

Mji ulifunguliwa tarehe 29 Mei 1453 na Sultan Mehmed wa Pili, kijana wa miaka 21. Hapa ndipo penye fundisho. Sultan hakulifuta jina la Constantine. Sarafu zake ziliandikwa kwamba zimepigwa Kostantiniyye, ambalo ni jina lile lile kwa matamshi ya Kituruki. Masultani waliomfuata waliendelea kulitumia katika sarafu na nyaraka zao, na sarafu za Sultan wa mwisho, aliyeondoka mwaka 1922, bado zililibeba. Muda wa karne nne na nusu, dola kubwa ya Kiislamu haikuona aibu kuliandika jina la Kaisari.

Na Istanbul je? Jina hili nalo lina asili ya Kiyunani. Latokana na maneno yanayotamkwa "is tin polin", maana yake "kwenda mjini" au "mjini". Constantinople ulikuwa mkubwa kupita miji yote ya jirani, hata wakulima na mabaharia hawakuwa na haja ya kuutaja kwa jina. Walisema tu kwamba wanakwenda mjini, na kila mtu akaelewa ni mji gani. Msemaji wa Kiswahili hana taabu ya kulifahamu jambo hili. Mtu wa Likoni au Kisauni akisema, "Naenda mjini," hakuna amwulizaye mji upi. Silabi yetu ndogo ya "ni", mwishoni mwa neno, inafanya kazi ile ile. Lau jina Istanbul lingefasiriwa kwa Kiswahili, lingekuwa "Mjini".

Ushahidi wake tunao kwa wasafiri wawili waliofika pia pande zetu. Wa kwanza ni al-Mas'udi wa Baghdad, aliyesafiri kwa jahazi hadi pwani ya Zanj katika karne ya 10. Aliandika kwamba Warumi wenyewe huuita mji wao kwa neno lenye maana ya mji tu, na akalitaja tamko linalokaribia sana Istanbul. Wa pili ni Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa katika karne ya 14, na miaka michache baadaye akaingia Constantinople. Alieleza kwamba mji una sehemu mbili, na ile yenye makao ya mfalme inaitwa Istanbul. Hayo aliyaona zaidi ya miaka mia moja kabla ya Sultan Mehmed. Jina hilo, basi, lilikwisha kuwa katika vinywa vya watu.

Baada ya mji kufunguliwa, lilizuka pia tamko la Islambol, lenye maana ya mahali palipojaa Uislamu. Lilionekana hata katika sarafu za karne ya 18. Lakini hilo ni pambo lililofumwa juu ya jina lililokuwapo, wala si chimbuko lake.

Waingereza nao walikuwa na desturi yao. Mji mzima waliuita Constantinople, na sehemu ya kale iliyo ndani ya kuta wakaiita Stamboul. Jina hilo ndilo lililotufikia sisi kwa sura ya Stambuli, na pwani wako hata watu walioitwa hivyo. Mambo yalibadilika baada ya Jamhuri ya Uturuki kuundwa mwaka 1923 na makao makuu kuhamia Ankara. Mwaka 1930 serikali iliyataka mataifa ya nje yatumie jina Istanbul katika barua na mawasiliano. Hata hivyo mazoea hayafi kwa siku moja: mwaka 1932 mwandishi Graham Greene alitoa riwaya iitwayo Stamboul Train.

Leo waandishi makini wa Kiingereza hufuata wakati. Kwa habari za kabla ya 330 huandika Byzantium. Kutoka hapo hadi 1453 huandika Constantinople. Kwa zama za Waturuki wa Uthmaniya hutofautiana: wengine huandika Constantinople, wengine Istanbul. Kwa habari za leo ni Istanbul tu. Lakini mikataba ya zamani hubaki na majina yake. Mkataba wa 1888 juu ya meli kupita Mfereji wa Suez, njia ipitayo mizigo mingi ya Mombasa, ungali ukiitwa Mkataba wa Constantinople. Patriaki wa Waorthodoksi, ambaye kiti chake kiko Istanbul hadi leo, naye angali na cheo cha Askofu Mkuu wa Constantinople.

Kwa nini jambo hili litushughulishe? Kwa sababu watoto wetu husoma historia kwa Kiingereza. Mtoto aliyeambiwa kwamba jina moja ni la adui na jingine ni letu ataisoma historia kwa jicho moja. Atamshangaa Mwislamu aandikaye Constantinople, asijue kwamba Sultan mwenyewe aliandika hivyo. Atamdharau Myunani wa leo autajaye mji kwa jina la kale, asijue kwamba ndilo jina la mji katika lugha yake mpaka sasa. Na atajivunia Istanbul bila kujua kwamba neno hilo alilirithi kwa Myunani huyo huyo.

Nasi tuna Mvita na Mombasa, tuna Amu na Lamu. Mwenyeji asemaye Amu hamtukani aandikaye Lamu, na ramani yenye jina Mombasa haikumfuta Mvita katika tenzi zetu. Basi mzazi, mwanao akikutana na Constantinople kitabuni, mfungulie ramani umwonyeshe Istanbul. Kisha mwulize habari anayosoma ni ya mwaka gani, maana mwaka ndio utakaomjulisha jina lifaalo.