Moto Haumwezi Bunju

Wengi wenu mkifika Dar es Salaam hamrudi nyumbani mikono mitupu. Mimi ni karani wa parokia mjini, na wageni kutoka kwetu hunitaka niwasindikize sokoni Kariakoo, au asubuhi mapema Feri, penye mnada wa samaki. Hununua papa mkavu, dagaa, au changu wa kukaanga. Neno ninalowaambia kila mara ndilo nawaandikia leo: mjueni bunju.

Bunju hukaa penye matumbawe, kama yale ya Mbudya na Bongoyo. Wengine ni wadogo, urefu wa kidole tu, wenye madoadoa ya kupendeza. Hana magamba, na meno yake manne yameshikana mfano wa mdomo wa kasuku. Akishtuka hunywa maji akavimba kama mpira. Ndiyo maana watoto wa pwani hupenda kumchezea.

Sumu yake imo hasa katika ini, mayai na matumbo, na mara nyingi katika ngozi pia. Shangazi yangu alinibishia, “Mwanangu, moto huua kila kitu.” Sivyo. Moto huua vijidudu, lakini sumu hii haiharibiki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Aliyeila hufa ganzi midomo na ulimi, kisha viungo hulegea, mwisho pumzi humshinda, naye huenda akawa na akili timamu. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haijapatikana. Lakini hospitali yaweza kumsaidia kupumua mpaka imtoke mwilini, akapona. Basi msipoteze saa kwa kumnywesha maziwa, mkimbizeni upesi.

Mwaka 1774, huko New Caledonia, nahodha James Cook na wenzake walionja kidogo tu ini na mayai ya samaki wa jamii hii. Usiku wakashikwa na ganzi. Nguruwe aliyekula matumbo yake alikufa. Wajapani humla, lakini mpishi wake sharti awe amefuzu na kupewa leseni.

Shangazi alinisikia, akanunua changu. Nanyi fanyeni hivyo: nunueni samaki mwenye kichwa na ngozi yake, na mwulizeni mwuzaji jina lake. Aliyekwisha chunwa na kukatwa kichwa, msiyemjua, mwacheni hata akiwa rahisi. Na watoto wafundishwe mapema: samaki asiyejulikana hatiwi chunguni, wala hapewi paka.