Taa za kazi: Chicago wana rimoti, sisi tuna starta ya mashine ya kusaga

Chicago imejaa kumbi ndogo za maigizo, nyingi zikiwa vyumba ambavyo zamani vilikuwa maduka ya mtaani. Viti havifiki mia. Pesa hakuna, wafanyakazi ni wa kujitolea, na anayekata tiketi jioni ndiye aliyepiga deki asubuhi. Hata hivyo, karibu kila ukumbi niliowahi kujitolea una kitu ambacho kumbi zetu nyingi za nyumbani hazina: taa za kazi zinazojitegemea, zenye swichi mlangoni.

Taa za kazi ni zile za kufanyia shughuli, si za onyesho. Zinawaka watu wanapofagia jukwaa, wanapopigilia mandhari misumari, wanapopanda ngazi kufunga taa za maonyesho, wanapofanya mazoezi mchana. Hazina rangi wala hazihitaji kupunguzwa mwanga. Zinatakiwa kuwaka zote na kuzima zote, basi. Ila zina njia yake ya umeme kutoka kwenye mein swichi, mbali kabisa na taa za onyesho.

Kwetu Dar, ukienda mazoezini kwenye ukumbi wa shule au wa kukodi, mara nyingi utakuta mojawapo ya mambo mawili. Ama kikundi kinafanya mazoezi chini ya taa zilezile za onyesho, zile za wati 500 au 1,000 zinazochoma filta za rangi na kula umeme wa Luku, ama mlinzi anaitwa aje na ufunguo, anafungua boksi la umeme na kupandisha sakitbreka moja baada ya nyingine huku watu wakimpigia kelele kutoka jukwaani, "Siyo hiyo, ya pembeni!" Sakitbreka zinafanywa swichi kila siku ya Mungu, wakati nyingi hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kukata umeme ikitokea hitilafu. Marekani breka inayoruhusiwa kuwashia na kuzimia taa za tyubu hupigwa alama ya SWD, na fundi huitafuta alama hiyo kabla hajaifunga.

Suala si taa zenyewe. Taa tunazo. Suala ni kuziongoza, na hapo mahitaji ni matatu. Mtu anayeingia kwanza asubuhi aweze kuwasha kutoka mlangoni bila kuvuka jukwaa gizani. Fundi taa aweze kuzima kutoka mezani kwake onyesho linapokaribia kuanza. Na onyesho likishaanza, asiwepo mtu yeyote nyuma ya pazia anayeweza kuziwasha.

Hilo la tatu ndilo linaloumiza watu. Niliwahi kuliona katika ukumbi mmoja wa hapa Chicago. Mchezo ulikuwa umefika mahali ambapo mama anabaki peke yake na taa zinazimika polepole mpaka giza totoro. Watazamaji kimya, hata wa kukohoa hayupo. Nyuma ya pazia kijana mmoja alikuwa anapapasa ukuta akitafuta mlango wa chumba cha kuvalia. Kiganja kikaangukia swichi. Taa nne kubwa nyeupe zikawaka kwa pamoja. Tukaona kila kitu: mbao mbichi za nyuma ya mandhari, ndoo, kamba, na marehemu wa mchezo akiwa ameketi anafunga kiatu. Kijana alizizima mara moja, lakini kazi ya miezi ilikuwa imeharibika, na mama yule wa jukwaani alitoka na machozi ambayo hayakuwa ya kuigiza.

Kumbi zisizo na pesa za hapa zinatatua jambo hili kwa njia mbalimbali, na nimezipima nyingi kwa macho yangu. Ya kwanza ni swichi za njia mbili, zile za kwenye ngazi za ghorofa: unawasha chini, unazima juu. Ni rahisi, zinadumu, na fundi yeyote anazijua. Kasoro yake ni kwamba yeyote aliye karibu na mojawapo ana mamlaka sawa na fundi taa, na ndivyo ilivyokuwa kwa yule kijana. Dawa ni kuweka swichi nyingine moja mezani kwa fundi taa, inayokata njia nzima kabla haijafika kwenye hizo mbili. Kwa ukumbi mdogo wenye milango miwili, hiyo peke yake inatosha, na ningemshauri mtu aishie hapo.

Njia ya pili ni soketi za rimoti, zile ambazo Wamarekani huzinunua msimu wa Krismasi kuwashia mti bila kuinama. Pakiti inapatikana kwa dola 20 hivi. Unachomeka taa za LED, rimoti moja inabaki mezani, nyingine inaning'inizwa mlangoni kwa kamba ili isitembee. Zinafaa kwa kuanzia, hasa pale mwenye nyumba hataki ukuta uguswe. Lakini betri huisha, rimoti hupotea, na soketi ndogo haiwezi mzigo mkubwa. Swichi za waifai zinazoongozwa kwa simu sizipendi kabisa kwa kazi hii. Ukumbi ukijaa, simu za watazamaji nazo zimo hewani kwenye masafa yaleyale, na saa ya onyesho si saa ya kusubiri programu ifunguke. Tena anayefagia asubuhi asilazimike kuwa na nywila ili aone sakafu.

Wapo pia wanaounganisha taa za kazi kwenye DMX512, mfumo wa mawasiliano uliobuniwa Marekani mwaka 1986 ambao meza za taa duniani kote zinautumia mpaka leo. Waya mmoja unabeba chaneli 512, kwa hiyo kuongeza rilei moja ya taa za kazi ni kazi ndogo. Shida ni kwamba ili taa iwake lazima meza iwashwe, na seremala anayeingia saa mbili asubuhi hana sababu ya kuigusa meza ya fundi taa.

Sasa nije kwenye ile niliyoona inafanya kazi vizuri kuliko zote, nikashangaa kwa sababu ilikuwa sura ninayoifahamu tangu utoto. Fundi alifungua boksi la chuma ukutani, na ndani yake mlikuwa na kontakta. Nje kuna vitufe viwili, cha kijani na chekundu. Ni starta ya mashine ya kusaga! Ni kitu kilekile ambacho mwenye mashine wa Manzese au Mbagala anakibonyeza kila asubuhi unga unapoanza kutoka, na kinachoendesha pampu za visima nchi nzima.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya kontakta kuna koili. Ukibonyeza kijani, umeme mdogo unapita kwenye koili, inakuwa sumaku, inavuta vyuma vinavyopitisha umeme mkubwa, na taa zinawaka. Papo hapo kontakti ndogo ya pembeni nayo inajifunga na kuendelea kuilisha koili, kwa hiyo ukiondoa kidole taa zinabaki zinawaka. Ukibonyeza chekundu unakata njia ya koili. Sumaku inakufa, vyuma vinaachia, taa zinazima. Uzuri wake ni kwamba vitufe vinaongezeka upendavyo. Vya kijani vinaungwa sambamba, vyekundu vinaungwa kwa mfuatano, na kila mlango unapata jozi yake. Mezani kwa fundi taa unaweka jozi kama hiyo, lakini chekundu chake kinakuwa cha kichwa kikubwa kama uyoga, kile cha dharura kinachobaki ndani mpaka ukizungushe. Onyesho likianza fundi anakibonyeza, na kuanzia hapo vitufe vyote vya kijani ukumbini havina kazi, hata mtu avilalie. Mwigizaji akianguka na mwanga ukatakiwa haraka, fundi anazungusha, anabonyeza kijani, kwisha.

Kwetu mfumo huu una faida ambayo Chicago hawaihitaji sana. Umeme ukikatika, kontakta inaachia yenyewe, na ukirudi haijirudishi mpaka mtu abonyeze. Yeyote aliyefanya onyesho siku za mgao anajua maana yake. Jenereta linawashwa katikati ya tendo la pili, na taa za kazi hazikurupuki kuwaka kwa sababu eti swichi iliachwa chini tangu asubuhi. Upande wa pili ni kwamba umeme ukikatika mazoezini mtabaki gizani hata ukirudi, mpaka mtu afike kwenye kitufe. Hapa kumbi nyingi huacha balbu moja kwenye stendi katikati ya jukwaa usiku kucha ili mtu asitumbukie mbele ya jukwaa. Sisi tunayo balbu ya kuchaji inayojiwasha umeme ukikatika, iliyomo katika maduka mengi ya mtaani. Moja karibu na kila kitufe cha kijani inatosha.

Watu wengi nyumbani hunitumia ujumbe niwabebee vifaa. Kwa hili, msiningoje. Umeme wa hapa ni volti 120 na hezi 60, wetu ni volti 230 na hezi 50. Koili ya volti 120 ukiileta Dar itaungua. Kontakta, vitufe na taa za LED viko Kariakoo, vya volti zetu, na mafundi wanaovijua wako hukohuko. Muhimu mwambie fundi mapema kwamba mzigo ni taa za LED. Taa hizo zinapowaka hunyonya umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua, na kontakta ndogo sana hugandisha kontakti zake. Achukue kubwa kidogo kuliko hesabu inavyosema. Njia ya vitufe ipitishiwe transfoma ya volti 24, na koili iwe ya volti hizohizo 24, maana vitufe hivi vitaguswa na watu wengi, wengine wakiwa na mikono yenye maji na vipodozi. Kazi yenyewe ifanywe na mwenye leseni ya EWURA. Na taa za dharura za njia za kutokea zisiguswe na mfumo huu hata kidogo. Chicago wana sababu yao ya kulishikilia hilo: tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois uliungua mchana wa onyesho, cheche za taa ya jukwaani zikiwa zimeshika pazia, na watu zaidi ya 600 wakafa.

Gharama inajirudisha. Taa nne za halojeni za wati 500 ni kilowati 2. Mkifanya mazoezi saa 30 kwa wiki mmetumia uniti 60. Nne za LED za wati 50 zinatumia uniti 6 kwa saa zilezile. Kikundi kinachochangishana nauli kitaisikia tofauti hiyo mwezi wa kwanza tu.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wanaojenga. Shule, parokia na halmashauri zinajenga kumbi kila mwaka, na nyingi zitatumika kwa maigizo hata kama mchoro umeandika "mikutano". Hapa Chicago sheria ya mji inataka waya za majengo zipite ndani ya bomba la chuma, kwa hiyo hata ukumbi wa zamani ukitaka kuongeza kitufe unavuta waya mpya ndani ya bomba lilelile. Kwetu bomba la plastiki linatosha. Fundi akiwa bado anachimba kuta, mwambieni apitishe moja kutoka mlango wa nyuma ya jukwaa hadi pale meza ya taa itakapokaa, na jingine hadi mlango mkuu, hata kama pesa ya kontakta haijapatikana. Ndani aache kamba ya kuvutia waya, na mwisho wa kila bomba aweke boksi lenye kifuniko ili lisipigwe plasta likasahaulika.